Katorzi Iliyoangukia Jumanne

Mpango wangu ulikuwa mzuri. Nasema hivyo bila majivuno, maana katika habari hii sina la kujivunia. Lakini mtu akiniuliza leo namna ya kuandaa karamu ya nyama choma nyumbani bila kujichosha, nitamjibu vilevile nilivyoandika siku ile nyuma ya fomu ya forodha. Nyama ikatwe na kutiwa viungo jana yake: tangawizi, kitunguu saumu, chumvi, na papai bichi lililokunwa ili ilainike. Vijiti vya mishikaki vilowekwe majini visije vikashika moto. Wali upikwe kwenye sufuria mbili ndogo badala ya moja kubwa, ili moja ikiungua ibaki nyingine. Achari iwe tayari siku mbili kabla. Kivuli kitangulie, viti vifuate. Watu wengi huanza na viti, kisha wakashinda wakivihamisha kila jua linaposogea. Na mwenye nyumba asichome mwenyewe. Atafute mchomaji, yeye akae na wageni wake.

Yote hayo niliyaandika. Hata tarehe niliiweka juu kabisa na kuipigia mstari: 14 Julai. Ila sikuandika pembeni yake kwamba ilikuwa Jumanne, na hilo sikulisahau. Niliacha kwa makusudi.

Nilikuwa karani wa forodha katika bandari ya Mahajanga, kisiwa cha Wamalagasi, enzi za Wafaransa, kijana wa miaka ishirini na minane aliyemaliza sekondari. Kwa mtoto wa Kingazija wa mji ule halikuwa jambo dogo, na nilihakikisha kila mtu analijua. Mke wangu nilimpata kisiwa kidogo cha Nosy Be, ofisi iliponipeleka huko kwa miaka miwili. Kwao ni Ambondrona, pwani ya magharibi, ambako mama yake alikuwa na minazi na nyavu. Walikuwa Waislamu wa siku nyingi, mchanganyiko wa Waarabu, Waafrika na Wamalagasi, wakisali na kufunga kama sisi. Na pamoja na hayo walishika miiko ya ukoo wa mama, fady kama inavyoitwa kule, wala hawakuona kwamba jambo moja linalisukuma jingine.

Mwiko wao mkubwa ulikuwa mmoja. Siku ya Jumanne haukuwashwa moto katika makao yao, ndani wala uani. Sikuelezwa sababu, na nadhani hakuna aliyekuwa akiijua tena. Siku ya nikaha, baada ya kahawa, mama mkwe alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, sisi hatuna masharti. Jumanne yake tu umwachie." Nikasema nimemwachia. Ilikuwa ahadi rahisi kuliko zote nilizowahi kutoa.

Nyumbani tulizungumza Kimalagasi. Kiswahili nilikijua kwa marehemu baba, aliyekuwa akikitumia kuandikia barua zake za biashara, na mke wangu alikuwa nacho maneno machache tu, ya dini na ya baharini. Siku hizi naishi ng'ambo, kwa watoto wa dada yangu, ambao hawajui lugha nyingine. Ndiyo maana maneno yetu ya wakati ule nayaandika kwa lugha hii, ingawa masikioni mwangu bado yanalia kama yalivyosemwa.

Nizieleze hizo Jumanne zenyewe, kwa kuwa ndizo ninazozikumbuka kuliko kitu chochote cha maisha yangu ya ndoa. Jumatatu mke wangu alipika chakula cha siku mbili. Kesho yake nilikunywa kahawa barabarani, nikaenda kazini, na adhuhuri nikarudi nyumbani kwenye ua uliokuwa kimya. Jikoni hakukuwa na moshi wala sauti ya mchi. Alikuwa amekaa barazani na kitambaa chake cha kudarizi, maua na ndege waliotobolewa kwa sindano kama wanavyofanya wanawake wa visiwa vya kwao. Tulikula wali baridi na samaki wa nazi ambaye mchuzi wake ulikuwa umeganda ukawa mtamu zaidi, kisha nikalala ubavu mkekani huku akinisimulia habari za mtaa. Siku nyingine alikuwa akiinuka kila dakika: maji yamechemka, maharage yanashika chini. Jumanne hakuinuka. Nilikuwa na siku moja katika wiki ambayo mke wangu alikuwa wangu mchana kutwa, nami niliiona kama desturi ya watu wa shamba ninayoivumilia.

Tena nilimtania. Kimalagasi siku hiyo huitwa Talata, neno la Kiarabu lenye maana ya tatu. Mwaka wetu wa kwanza nilimwambia, "Hiyo Talata yenu ni ya tatu, sisi kwetu ni Jumanne, ya nne. Basi fady yako imegonga mlango usio wake." Alicheka mpaka akaweka sindano chini. Nikaihifadhi dhihaka hiyo kama mtu anayehifadhi nguo nzuri.

Sasa mkuu wetu wa ofisi. Alikuwa Mfaransa mnene, mwenye subira, aliyekaa kisiwani miaka mingi. Wafaransa waliiona Katorzi, yaani 14 Julai, siku ya taifa lao, kuwa sikukuu ya kiangazi, kwani kwao Julai ni joto. Kwetu ilikuwa kipupwe, miezi mizuri ya Mahajanga, anga kavu na upepo wa kutosha. Wiki mbili kabla, akipitia makaratasi yangu, alisema, "Nimechoka na karamu za serikali. Kuku baridi na hotuba. Mwaka huu ningependa mishikaki ya mji huu, katika ua wa mtu, bila tai."

"Ua wangu upo, Musiye," nikasema.

Akacheka, akasema vizuri, atakuja na mkewe. Makarani wenzangu wawili walikuwa wakisikiliza, nami nikawaalika na wao hapo hapo ili wapate kuona.

Nilimsomea mke wangu mpango wangu mstari kwa mstari.

"Umeandika hata vijiti," alisema. "Bwana karani, ungeniandika na mimi, nijue nakaa wapi."

"Umeandikwa. Tazama hapa. Mke: kivulini, hafanyi kazi yoyote."

Akacheka. Kisha nikamwona anahesabu kwa vidole. "Lakini hiyo ni Talata."

"Ni Katorzi."

"Ni Katorzi ya Talata. Moto nani atauwasha?"

"Mchomaji. Jiko lake, mkaa wake, hata kiberiti atakuja nacho. Wewe hutagusa kitu."

"Na ua ni wa nani?"

Nikajifanya nasoma karatasi.

"Basi fanya Jumatano," akasema. "Jumatano nitakuchomea ng'ombe mzima na pembe zake. Au nipike kila kitu Jumatatu, tule baridi. Si ulisema wenyewe wanakula kuku baridi?"

"Sikukuu ya taifa haihamishwi kwa ajili ya..."

"Kwa ajili ya nini? Malizia."

Nikaikunja karatasi yangu.

"Mwambie mkuu wako kwamba mkeo ana siku yake. Ni maneno machache, hata mimi kwa Kifaransa changu cha sokoni nitayaweza."

Nilijiona nimesimama mbele ya meza ya yule bwana, mimi mwenye cheti changu na viatu vyangu vyeupe, nikimweleza kwamba nyumbani kwangu tunaogopa Jumanne. Nikaitoa ile dhihaka yangu: hiyo si Talata, ni ya nne, fady imekosea mlango.

Hakucheka. Alikunja kitambaa chake mara mbili, akasema, "Mama alikuomba kitu kimoja tu," akaingia ndani.

Siku yenyewe kila kitu kilikwenda kama nilivyoandika. Asubuhi tulisimama kwenye gwaride, na adhuhuri wageni walikuwa chini ya turubai nililoazima bandarini, na bendera za karatasi za rangi tatu zikipepea kwenye kamba ya nguo. Mchomaji alikuwa maarufu mjini kwa nyama na kwa mdomo.

"Mkubwa wa forodha," aliniita toka kwenye jiko lake, "hii nyama umeitia papai au umeiombea dua? Imelainika, inataka kuteremka kijitini yenyewe."

"Choma, acha maneno."

"Nachoma. Usije ukaniandikia ushuru wa moshi."

Makarani wakaangua kicheko. Mke wangu aliwapokea wageni kama inavyopasa. Alikuwa amevaa leso zake mbili za kufanana, moja imefungwa kifuani na moja mabegani. Aliwapa mikono, akaleta maji ya kunawa, kisha akakaa kwenye kizingiti cha mlango, uso ameuelekeza ndani ya nyumba. Mlangoni moshi ulikuwa ukimfikia. Hakula.

Mke wa mkuu wangu akaniuliza, "Mkeo mbona hali?"

"Amefunga, Madamu."

Mkuu wangu akanitazama, kisha akamtazama mke wangu. "Si anatoka Nosy Be? Leo Talata," akasema polepole. "Ana fady ya Talata?"

"Kidogo, Musiye."

"Kidogo!" Akarudisha mshikaki sahanini. "Rafiki yangu, mbona hukusema? Tungekuja Jumapili. Mimi nilitaka mishikaki, sikutaka tarehe. Dobi wetu ana Alhamisi yake, na miaka tisa sasa hatujapata kumletea nguo siku hiyo."

Hakuyasema kwa hasira, aliyasema kama mtu anayekuonyesha kifungo cha shati kilichofunguka. Lakini mke wangu alijua Kifaransa cha kutosha kuuza vitambaa vyake, na kile kilikuwa Kifaransa chepesi. Niliona mgongo wake ukinyooka. Akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango bila kishindo.

Walikula, wakasifu, wakaondoka. Makarani walisema hawajaona karamu iliyopangwa vizuri namna ile. Vyombo vililala vichafu uani.

Jumatano akawasha moto, akaviosha vyote, akapika, akaniwekea chakula. Ndipo akasema.

"Nilidhani ni yeye aliyeitaka siku hiyo. Wiki mbili nimemchukia yule mzungu, na wewe nakuonea huruma. Nikisema moyoni, maskini, mume wangu hana la kufanya."

"Ni chakula tu," nilisema. "Wamekula, wamekwenda."

Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi, nikitafuta ndani yake kitu kinachoweza kunitetea. Hakuna.

Jumamosi alipanda meli ya pwani kwenda kwa mama yake kuomba radhi ya wazee wao. Nilimsindikiza. Alikuwa amenilainikia kidogo kufikia siku hiyo. "Uje kabla mwezi haujaisha," aliniambia. "Mama atataka kukusikia kwa mdomo wako. Utasema umekosa, atakutukana kidogo, tutakula. Hakuna zaidi." Nikasema nitakuja.

Sikwenda. Niliandika barua. Kurasa tatu, kwa Kifaransa safi, ambacho ilibidi mama mkwe amtafute mwalimu amsomee. Sikuomba radhi ndani yake. Nilimweleza bibi wa Ambondrona maana ya Katorzi, habari za uhuru wa watu na haki zao, na kwa nini mtu aliyeelimika hawezi kuishi kwa kuiogopa siku. Nikaona nimeandika vizuri.

Hapakuja jibu kwa wiki sita. Nilianza kula hotelini. Jumanne nilikuwa sirudi nyumbani adhuhuri, kwani ua ulikuwa mtupu, na ukimya wake haukuwa ule niliouzoea.

Kisha akaja mjomba wa mke wangu, baharia mzee asiye na meno ya mbele, akanifuata bandarini nikiwa nakagua magunia. Winchi zilikuwa zikifanya kazi, wapagazi wakipiga kelele. Alinishika bega akaniambia sikioni, "Amenituma. Anaomba talaka."

Mimi nilisikia Talata. Maneno hayo mawili yanatofautiana herufi moja, na kinywani mwa mzee yule, katikati ya kelele zile, hayakutofautiana hata kidogo. Tena ndilo neno nililokuwa nikilingojea. Nilielewa kwamba yuko tayari kurudi, sharti nimrudishie Jumanne yake.

"Mpe!" nilisema. "Mwambie nampa."

Mzee akanikazia macho. "Unampa hivi hivi?"

"Hivi hivi. Tena zote."

"Zote?"

"Zote, mjomba. Mimi ndiye niliyechelewa."

Akawageukia wapagazi wawili waliokuwa karibu. "Mmesikia ninyi?" Wakasema wamesikia. Mmoja akacheka, nami nikacheka naye.

Nikaenda nyumbani nikafagia ua. Nilitandika mkeka mpya barazani. Meli ya kwanza ikaja bila yeye, na ya pili. Kisha ikaja barua kwa herufi za Kiarabu, kwa mkono wa mjomba, ikisema kwamba wamepokea talaka zote tatu mbele ya mashahidi, na wanamshukuru Mungu kwamba sikuwasumbua.

Niliisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa. Halafu nikampelekea sheikh aliyekuwa rafiki wa baba. Alisikiliza mpaka mwisho, akajikaza asitabasamu.

"Ulikusudia kumwacha?"

"La, sheikh."

"Basi nenda ukaseme hivyo hivyo, mbele yao na mbele yake. Uape. Meli ni lini?"

"Alhamisi."

"Basi Alhamisi."

Alhamisi nilikwenda ofisini. Mkuu wangu asingeninyima ruhusa, kwa hiyo hata hilo siwezi kumsingizia. Nilichokiogopa ni kuchekwa. Niliona mji mzima ukisimuliana habari ya karani aliyemwacha mkewe kwa sikio bovu, na wapagazi wakiniigiza kila nipitapo: "Zote, mjomba!" Nikajiambia nitakwenda ukaguzi ukiisha. Ukaguzi ulipoisha nikajiambia baada ya mwezi wa Ramadhani. Nilijua siku za eda zinahesabika, nami nilizihesabu, kila siku, kwa uangalifu ule ule niliopangia kivuli na viti.

Nilikwenda mwaka wa pili. Nosy Be niliambiwa ameolewa kisiwa jirani cha Nosy Komba na fundi wa mitumbwi, nikavuka. Nilimkuta nje ya nyumba yake, vitambaa vyeupe vimeanikwa kwenye kamba pande zote, mtoto mchanga amelala kapuni.

"Umekonda," alisema.

Mumewe alinisalimia vizuri, akanikatia dafu, akarudi kwenye kazi yake ufukoni, mahali tulipoweza kumwona naye kutuona. Tulipobaki wawili nikamweleza yote. Nilimwambia alivyosema mjomba, nilivyosikia, nilivyojibu, na kwamba nilifagia ua. Alianza kucheka kama alivyocheka zamani, akaweka kitambaa chini, mabega yakitikisika. Kisha akajifunika uso kwa leso, na sikujua tena kama anacheka.

Alipofunua akaniuliza, "Ulijua lini kwamba ulikosea kusikia?"

"Mwezi wa kumi."

"Mwezi wa kumi nilikuwa bado nateremka gatini kila meli ikiingia. Mama akiniambia, unamtazamia nani, mtu ametoa zote tatu kwa kicheko? Nikimwambia, simtazamii mtu, nanunua sindano." Akamgeuza mtoto ubavu. "Nyumbani kuna sindano mpaka leo."

Nikamwambia nitapita Ambondrona nimweleze mama yake, angalau ajue kwamba sikukusudia.

"Usimwambie."

"Ni haki yake kujua."

"Na mimi nina haki ya kukuomba. Mama alinitoa kitandani kwa kukutukana wewe. Kila asubuhi tusi jipya, mpaka nikawa naamka ili nilisikie. Yeye ndiye aliyeharakisha niolewe. Leo umwendee, umwambie lilikuwa sikio tu? Atalala vipi?" Akanitazama moja kwa moja. "Mwache akuone mtu mbaya. Hilo unaliweza?"

Nikasema naliweza. Nilikuwa nimekuja na maneno yangu yamepangwa, safari hii bila haya, tayari kuchekwa na kisiwa kizima, na maneno yale hayakuwa na kazi tena. Yule mama alikufa baada ya miaka mingi, akiamini kwamba nilimwacha binti yake nikicheka. Sikuandika habari hii mpaka nilipopata hakika kwamba amezikwa. Binti yake sijui kama yuko hai.

Nilirudi mchana ule ule, katika chombo cha wanawake waliokuwa wakipeleka vitambaa kuuza. Nilikaa nyuma nikielekea kisiwani. Mwenye chombo akaniambia nigeuke, anayekaa kinyumenyume hutapika. Nikamwambia nimezoea bahari. Kule pwani nilimwona aliyekuwa mke wangu amesimama kati ya vitambaa vyake, akaondoa kimoja, akakikunja, akaondoa cha pili. Alivikunja vyote. Kamba ilipobaki tupu niliweza kuuona mlango wake, na niliutazama mpaka ncha ya kisiwa ilipouficha. Nilitapika kweli, na wanawake wakanicheka, wakanipa ndimu ninuse.